Utitiri wanaosafiri na mbawakawa wa mavi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katika nchi za joto, ukimgeuza chali mbawakawa wa mavi utakuta mara nyingi kwamba hakuja peke yake. Kati ya miguu yake, shingoni na chini ya tumbo wanakimbia vijidudu vya rangi ya kahawia, wakati mwingine makumi, wakati mwingine mamia. Watu wengi huuliza kwanza namna ya kuwaondoa. Naomba usome kwanza, kwa sababu wengi wao hawamdhuru mbawakawa hata kidogo, na kazi wanayoifanya wakifika kwenye kinyesi inatugusa sisi na mifugo yetu.

Hao vijidudu ni nini hasa?

Ni utitiri. Wako katika kundi moja na buibui, nge na kupe. Aliyekomaa ana miguu minane, ingawa anapotoka kwenye yai huwa na sita. Hadi sasa wanasayansi wamekwisha kueleza zaidi ya spishi 50,000 za utitiri duniani, na wale wa kwenye kinyesi ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo.

Wale unaowaona kwa urahisi zaidi juu ya mbawakawa ni wa familia ya Macrochelidae, hasa jenasi ya Macrocheles. Wana umbo la yai, ngozi ngumu inayong'aa, na urefu wa karibu milimita moja. Wana mbio sana. Ukitumia kioo cha kukuzia utaona kwamba anatembea kwa miguu sita tu, na ile miwili ya mbele ameinyanyua na kuipungapunga. Hana macho, kwa hiyo miguu hiyo ndiyo anayonusia na kupapasia njia.

Kuna wengine usipokuwa makini hutawaona. Wa kundi la Uropodina ni wa mviringo, wa kahawia, bapa kiasi, nao wametulia tuli kana kwamba wamegandishwa pale walipo. Wa kundi la Astigmata ni weupe au wanapenyeza mwanga, wadogo kuliko nusu ya milimita, na wakijazana chini ya tumbo la mbawakawa utadhani amepita kwenye unga. Wapo pia wanaokula kuvu, wadogo zaidi, ambao jike msafiri huwa na kucha kubwa kwenye miguu ya mbele kwa ajili ya kushikia vinyweleo.

Nasisitiza tofauti hizi mapema kwa sababu mabishano mengi kuhusu madhara ya utitiri hutokana na kuwachanganya. Mmoja anazungumzia Macrocheles, mwingine anazungumzia Astigmata, na kila mmoja yuko sahihi kwa yule anayemwona.

Je, si kupe? Wanaweza kunihamia mimi, ng'ombe, kuku au nyuki?

Kupe ni jamaa zao, lakini hawa si kupe. Utitiri mwekundu wa kuku, Dermanyssus gallinae, na Varroa anayeshambulia nyuki wako katika kundi kubwa la Mesostigmata pamoja na Macrocheles, na ndiyo maana kwa mbali wanafanana. Maisha yao ni mbali kabisa. Dermanyssus hunyonya damu ya ndege, Varroa hujilisha mwilini mwa nyuki, na Macrocheles huwinda viumbe wadogo ndani ya kinyesi. Mwilini mwa ng'ombe au kuku hana chakula.

Ukimshika mbawakawa, huenda utitiri wawili watatu wakapanda mkononi. Watakimbia huku na huku, kisha wataanguka. Nawa mikono kwa sabuni kwa sababu umeshika kinyesi, si kwa kuwaogopa wao. Upele wa ngozi husababishwa na utitiri mwingine kabisa, ambaye hupita kutoka mtu hadi mtu.

Kwa nini wanampanda mbawakawa?

Kwa sababu kinyesi hakidumu. Katika nchi za joto jua hukausha juu yake kwa saa chache na kufanya gamba, na wakati huohuo kila anayekihitaji anakikimbilia. Kuna kumbukumbu moja ambayo kila mpenzi wa mbawakawa huikumbuka: wanasayansi Anderson na Coe, katika utafiti wa kinyesi cha tembo huko Tsavo, Kenya, uliochapishwa mwaka 1974, waliandika kwamba rundo la kilo moja na nusu lilivamiwa na mbawakawa wapatao 16,000 na kumalizwa kwa saa mbili. Sasa mfikirie kiumbe wa milimita moja, asiye na mabawa wala macho, ambaye watoto wake wanaweza kukulia humo tu. Rundo linalofuata huenda liko mamia ya mita mbali, na bado mnyama hajaliacha.

Mbawakawa ndiye anayejua njia. Ananusa kinyesi kibichi, anaruka hadi kilipo, na mara nyingi anafika kikingali laini. Utitiri anayekuwa mwilini mwake wakati huo anafika naye kwa wakati. Wanasayansi wanaiita tabia hii foresia, yaani kumpanda kiumbe mwingine kwa ajili ya usafiri. Maelezo yanayonyoosha mambo vizuri zaidi ni ya Farish na Axtell, ya mwaka 1971, waliomchunguza Macrocheles muscaedomesticae: kwa muda anaokuwa safarini, msafiri huacha kula na huacha kukua, na kwa njia hiyo anaondoka mahali ambapo yeye au watoto wake wasingeweza kustawi. Ukiyashika maelezo hayo, nusu ya maswali yaliyobaki yanajijibu.

Wanashikiliaje mbawakawa akiwa anaruka au anachimba?

Hapa ndipo ninapowapenda zaidi, maana kila kundi lina ufundi wake.

Macrocheles hutumia mdomo. Ana viungo viwili vya mdomoni vyenye umbo la koleo, na kwa hivyo anaubana unyweleo mmoja wa mbawakawa na kutulia. Ndiyo maana utawakuta zaidi mahali penye vinyweleo: chini ya kifua, kwenye maungio ya miguu, karibu na shingo. Akitaka kushuka, anaachia. Hakuna kingine cha kufungua.

Uropodina anasafiri akiwa bado hajakomaa, katika hatua ya mwisho ya nimfa, yaani utitiri mchanga. Hutoa majimaji kutoka sehemu ya haja, majimaji hayo yanakauka na kuwa kijiti kifupi, na kijiti hicho ndicho kinachombandika kwenye gamba la mbawakawa. Anaweza kukaa mahali palaini kabisa pasipo na unyweleo hata mmoja, hata juu ya mabawa magumu, nje penye upepo. Ukijaribu kumng'oa kwa sindano utaona jinsi kinavyoshika.

Astigmata ndio wa ajabu kuliko wote. Msafiri wao ni nimfa ya namna ya pekee, isiyo na mdomo unaofanya kazi. Chini ya tumbo lake, upande wa nyuma, ana bamba lenye vinyonyeo vinavyomgandisha kwenye uso laini. Kiumbe huyu hawezi kula chochote safarini, kwa hiyo mtu anayesema kwamba huyo mweupe ananyonya damu ya mbawakawa anasema jambo lisilowezekana kwa umbo lake.

Uchimbaji ni mtihani mkubwa kuliko kuruka. Mbawakawa anayesukuma udongo kwa kichwa na miguu ya mbele anasugua kila sehemu iliyojitokeza, na wasafiri wake wengi huhamia mahali palipojikunja: chini ya mabawa magumu, mapajani, kwenye mikunjo kati ya kifua na tumbo.

Wanajuaje wakati wa kupanda na wakati wa kushuka?

Kwa harufu. Kwa Macrocheles muscaedomesticae, harufu ya samadi mbichi humfanya aachie, na samadi ikizeeka na kuchacha huanza kutafuta wa kumbeba. Harufu ya mwili wa mbebaji nayo ina nafasi yake: baadhi ya spishi za utitiri hukutwa kwa jenasi moja tu ya mbawakawa, wengine hupanda yeyote anayepita.

Mbona wanaosafiri karibu wote wanafanana?

Kwa sababu kwa Macrocheles wanaosafiri ni majike waliokomaa peke yao. Madume hubaki kwenye kinyesi na maisha yao huishia huko. Jike aliyekwisha kupandwa na dume anaweza kufika peke yake kwenye rundo jipya na kuanzisha kizazi. Hata jike ambaye hajapandwa hutaga, kwa kuwa yai lisilorutubishwa huangua dume na lililorutubishwa huangua jike. Kwenye joto la kutosha, safari nzima kutoka yai hadi kukomaa kwa Macrocheles muscaedomesticae huchukua siku tatu au nne hivi. Kinyesi kinapoanza kukauka, majike wapya wako tayari kusafiri.

Wakishuka wanafanya nini?

Wanawinda. Mawindo yao makubwa ni mayai ya nzi na mabuu wachanga waliotoka kuanguliwa, pamoja na minyoo ya nematodi inayojaa kwenye kinyesi kibichi. Muda ni kitu cha kwanza hapa. Nzi wengi wa kinyesi hutaga mara tu mnyama anapojisaidia, na kwenye joto mayai huanguliwa ndani ya siku moja au pungufu. Buu akishakua kidogo anamshinda utitiri kwa ukubwa na kujichimbia ndani. Kwa hiyo utitiri aliyefika saa moja baada ya mnyama kuondoka ana karamu, na aliyefika kesho yake amechelewa. Mbawakawa anayefika mapema ndiye anayeamua kama utitiri atakuwa na manufaa yoyote dhidi ya nzi.

Utitiri wa familia ya Eviphididae, ambao nao hupanda mbawakawa wa mavi, hutegemea zaidi nematodi. Wale wa Astigmata hula bakteria, kuvu na vitu vinavyooza. Si wote ni wawindaji, na ukiwa na nia ya kupunguza nzi ni Macrocheles unaomtafuta.

Basi mbawakawa anafaidika, anaumia, au haimhusu?

Jibu langu: mara nyingi haimhusu, mara nyingine anafaidika, na mara chache anaumia. Kila sehemu ya jibu hilo inahitaji maelezo.

Faida inatokana na nzi. Mabuu wa nzi wanakula chakula kilekile ambacho mbawakawa anakitaka kwa watoto wake, na wakiwa wengi hukivuruga na kukipunguza kabla hajakizika. Utitiri anayemaliza mayai ya nzi anamsafishia mbebaji wake meza. Hiyo si nia ya utitiri, ila matokeo ni hayo.

Hasara inatokana na uzito na msongamano. Mbawakawa mdogo aliyebeba mamia ya utitiri anabeba mzigo unaoweza kumsumbua anaporuka, na wakimfunika mdomoni na kwenye vipapasio wanamzuia kujisafisha. Halafu kuna ule mpaka mwembamba kati ya msafiri na mnyonyaji. Macrocheles subbadius, anayepanda nzi wadogo wa matunda wa jenasi Drosophila, hutoboa mwili wa mbebaji na kunyonya majimaji yake, na nzi huyo hudhoofika. Yeye ni wa familia ileile ya hawa tunaowasifu. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba familia nzima haina hatia. Namwambia atazame anachokiona: utitiri anayebana unyweleo anasafiri, utitiri aliyezamisha mdomo kwenye ngozi laini kati ya mapingili anahitaji kuchunguzwa.

Kuna jambo la kujifunza pia kutoka kwa mbawakawa wazikao mizoga, wa jenasi Nicrophorus, wanaoishi zaidi sehemu za baridi. Wasafiri wao wa jenasi Poecilochirus wamechunguzwa kuliko karibu utitiri wengine wote wa aina hii, na imeonekana kwamba utitiri haohao huweza kumsaidia mbebaji pale nzi wanapokuwa wengi, na kumpunguzia watoto pale nzi wanapokosekana au utitiri wanapozidi. Mtu anayetaka neno moja, rafiki au adui, hatalipata hapo, na sioni sababu ya kulitarajia kwa mbawakawa wa mavi wa nchi za joto.

Mbawakawa wanaoviringisha na wanaochimba, nani hubeba wengi zaidi?

Inategemea maisha ya mbawakawa mwenyewe. Duniani kuna takriban spishi 6,000 za nusu-familia ya Scarabaeinae, na kwa ufupi wanagawanyika katika wanaoviringisha donge na kulipeleka mbali, wanaochimba shimo chini ya rundo au kando yake, na wanaoishi ndani ya rundo lenyewe. Anayeviringisha, kama wa jenasi Kheper na Scarabaeus, hukaa kwenye rundo muda mfupi, hukata donge na kuondoka. Utitiri aliyeshuka haraka mno huachwa kwenye rundo; aliyebaki anapelekwa hadi chini ya ardhi. Wachimbaji kama Copris, Catharsius na Heliocopris huingia na kutoka kwenye rundo wakikokota kinyesi, na mara nyingi wana mwili mpana wenye vinyweleo vingi upande wa chini. Nafasi ya kukaa ni kubwa.

Ukubwa wa mbawakawa, umri wake na msimu navyo vina uzito. Aliyetoka ardhini leo akiwa mpya huwa na wachache au hana kabisa, isipokuwa kama ametoka kwenye kiota chenye utitiri.

Je, huingia naye hadi kwenye kiota?

Baadhi huingia, na maisha yao yote yamefungamana na kiota. Jike wa Copris hukaa na madonge ya watoto wake kwa muda mrefu akiyasafisha kuvu na kuyatengeneza. Jike wa Kheper nigroaeneus wa kusini mwa Afrika hulea donge moja tu chini ya ardhi kwa karibu miezi mitatu. Humo hakuna jua, unyevu haubadiliki sana, na adui ni wachache. Michael Costa, aliyechunguza utitiri wa Copris hispanus huko Israeli katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba katika kiota kimoja wanaweza kuishi utitiri wa spishi kadhaa, kila moja na namna yake ya kupatanisha uzazi wake na wa mbawakawa. Wakati kizazi kipya cha mbawakawa kinapotoka, utitiri nao wako tayari kukipanda.

Yai la mbawakawa lenyewe limefungwa ndani ya donge lenye ukuta uliokandwa, kwa hiyo utitiri anayetembea kiotani halifikii kwa urahisi.

Kuna wasafiri wengine zaidi ya utitiri?

Wapo. Nematodi hujificha chini ya mabawa magumu. Vinzi vidogo vya kinyesi hukaa mgongoni mwa Scarabaeus akiviringisha donge, na vikishafika hutaga kwenye chakula alichokihangaikia mwenyewe. Kumwona nzi wa namna hiyo ndiko kulikomfanya Mfaransa Paul Lesne aandike mwaka 1896 kuhusu foresia kwa mara ya kwanza.

Je, kuna mahali ambapo watu waliwatumia makusudi kupunguza nzi?

Australia, na habari yenyewe inastahili kusimuliwa kwa urefu.

Ng'ombe walifika huko na walowezi mwaka 1788. Mbawakawa wa asili wa Australia walikuwa wamezoea vinyesi vidogo vikavu vya kangaruu na jamaa zake, na wengi hawakuweza kuyashughulikia marundo makubwa yenye majimaji ya ng'ombe. Marundo yalibaki malishoni, nyasi zikafunikwa, na nzi wakapata mazalio. Wawili waliwasumbua sana: nzi wa porini Musca vetustissima, anayewazonga watu na wanyama usoni, na nzi wa nyati Haematobia irritans exigua, anayenyonya damu ya ng'ombe na hutaga kwenye kinyesi kibichi tu.

George Bornemissza, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi katika shirika la utafiti la CSIRO, alipendekeza waletwe mbawakawa kutoka nchi zenye wanyama wakubwa. Kituo kikawekwa Pretoria, Afrika Kusini. Kwa kuogopa kuingiza magonjwa ya mifugo, walichosafirisha kilikuwa mayai yaliyosafishwa kwa dawa, ambayo huko Australia yaliwekwa ndani ya madonge ya kinyesi yaliyotengenezwa kwa mkono. Kati ya 1968 na 1984 waliachiliwa mbawakawa wa spishi 43, na 23 kati yao zilistawi.

Usafi ule ulikuwa wa lazima. Lakini fikiria maana yake kwa mada yetu: mbawakawa aliyeanguliwa kutoka yai lililosafishwa hana msafiri hata mmoja. Mbawakawa hawa wa kutoka Afrika waliingia Australia bila wawindaji waliokuwa wakisafiri nao kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 pengo hilo likazibwa kwa makusudi, walipoachilia Macrocheles peregrinus, utitiri wa kusini mwa Afrika ambaye mtaalamu wa utitiri Krantz alimpa jina la kisayansi katika miaka hiyohiyo. Mbawakawa walikwisha kuenea, kwa hiyo utitiri alikuta usafiri tayari, naye akasambaa kwa kasi katika maeneo ya ng'ombe.

Nzi wa nyati hakutoweka. Hadi leo ni tatizo. Lakini palipo na utitiri huyu kwa wingi, nzi wachache zaidi hutoka kwenye marundo. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba inaonyesha wazi utegemezi ulivyo: utitiri bila mbawakawa hafiki, na mbawakawa peke yake huacha mayai ya nzi katika marundo ambayo hakuyamaliza.

Nina banda la kuku au la ng'ombe. Naweza kuwatumia?

Huenda tayari unao. Macrocheles muscaedomesticae hupanda nzi wa nyumbani wenyewe, na huishi kwenye samadi ya kuku karibu kila mahali. Kazi yako ni kutomuua. Unapozoa samadi, usiimalize yote siku moja. Acha tabaka la chini la samadi ya zamani, kwa kuwa ndimo wawindaji walimo, nao watahamia kwenye samadi mpya. Ziba mabomba ya maji yanayovuja, maana samadi iliyolowa sana huwafaa nzi na kuwafukuza utitiri. Na usipulizie dawa ya wadudu juu ya samadi yenyewe. Dawa hiyo huua wawindaji, nzi wanarudi baada ya siku chache kutoka nje, na utitiri wanachukua muda mrefu zaidi kurudi.

Dawa za minyoo za mifugo zinawaathiri?

Zinaathiri mbebaji wao kwanza. Ivermectin sehemu kubwa hutoka kwenye mwili wa mnyama pamoja na kinyesi ikiwa bado na nguvu, na mabaki hayo huweza kuua mabuu wa mbawakawa au kuwadumaza. Mbawakawa wakipungua malishoni, utitiri wanaowategemea wanakosa usafiri. Mfugaji anayewapa dawa wanyama wanaoihitaji tu, badala ya kundi zima kwa kalenda, na kuepuka msimu ambao mbawakawa wanazaliana kwa wingi mwanzoni mwa mvua, anawaokoa wote wawili.

Nafuga mbawakawa wa mavi. Niwaondoe utitiri?

Wakiwa wachache, waache. Wakianza kumfunika mdomo, macho na vipapasio, au mbawakawa akawa mzito na haruki, chukua hatua.

Kwanza badilisha makazi. Utitiri waliozidi karibu kila mara ni dalili ya kinyesi kilichokaa muda mrefu na unyevu uliozidi, hasa ukiona wale weupe wa Astigmata. Toa kinyesi cha zamani, weka udongo mpya, ongeza hewa. Kinyesi unachowalisha kinaweza kukaa kwenye friza kwa siku kadhaa kabla ya kutumika, ili mayai ya nzi na utitiri waliomo wafe.

Kwa Macrocheles, tumia tabia yake mwenyewe: mpe mbawakawa kinyesi kibichi kidogo, subiri saa chache hadi wengi washuke, kisha mtoe mbawakawa na uondoe kinyesi hicho pamoja na waliomo. Waliobaki wapigwe brashi laini. Wale wa vijiti (Uropodina) na wa vinyonyeo (Astigmata) hawatashuka kwa njia hiyo. Wa vijiti hung'olewa mmoja mmoja kwa kibano chembamba, na kwa wa vinyonyeo brashi yenye unyevu husaidia kiasi. Usitumie dawa za kuua kupe wala utitiri. Kipimo kinachomuua utitiri kinaweza kumuua mbawakawa pia.

Nataka kuwakusanya kwa ajili ya utafiti au mafunzo. Nianzie wapi?

Kosa la kawaida ni kuwatia mbawakawa wote katika chupa moja. Utitiri huachia mbebaji anapokufa, na baada ya saa moja hutajua nani alikuja na nani. Mtego wa kufukia ardhini wenye kioevu una tatizo hilohilo. Kama unaweza, mshike kila mbawakawa kwa mkono au kwa kibano akiwa hai na umtie kwenye kichupa chake mwenyewe chenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, au asilimia 95 kama unakusudia kuchunguza DNA.

Kabla ya hapo, mtazame akiwa hai na uandike utitiri wamekaa wapi mwilini na wameshikaje, kwa kuwa habari hiyo hupotea kwenye alkoholi. Andika pia tarehe, mahali, saa, na kinyesi kilikuwa cha mnyama gani. Baadaye, chini ya hadubini ya kukuza kidogo, waondoe kwa brashi nyembamba au sindano. Wakiwa weusi mno, walaze kwenye asidi ya laktiki hadi ngozi ipitishe mwanga, ndipo uwaweke kwenye kioo cha hadubini. Weka namba moja kwa mbawakawa na kwa utitiri wake wote. Kama hujui jina la mbawakawa, usimtupe: mhifadhi kwa namba hiyohiyo ili mtaalamu amtambue baadaye.